U ya Uhuru

Kaskazini ya Malindi, ukishaipita Gongoni na mashamba yake ya chumvi, kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Ngomeni. Simama ufukweni pale asubuhi, kabla jua halijawa kali, utazame ndani ya Ghuba ya Ungwana. Utaona vitu viwili vimesimama majini kwa miguu ya chuma, kama meza ambazo mtu alizisahau nje bahari ikajaa. Majina yake ni San Marco na Santa Rita. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka San Marco ikiwa imebeba setilaiti ya kilo 140 hivi. Katika makaratasi ya Wamarekani walioitengeneza iliitwa SAS-A. Ilipofika juu ikapewa jina la pili, na la pili ndilo lililoshika: Uhuru.

Heshima za namna hiyo kwa kawaida huisha pamoja na soda za sherehe. Hii haikuisha. Mpaka leo mwanafalaki wa Tokyo au Toronto anapotaja nyota fulani ambazo jicho haliwezi kuziona, huanza na alama mbili: 4U. Hiyo 4 ni toleo la nne la orodha. Hiyo U ni Uhuru. Sijui neno jingine la Kiswahili lililokwenda mbali kiasi hicho, na safari yake ni ndefu kuliko roketi ile. Inaanzia Uingereza, kwa mpiga kinanda mmoja na vipimajoto vitatu.

William Herschel alizaliwa Hannover mwaka 1738, akahamia Uingereza akiwa kijana, akawa anajipatia riziki kwa kupiga kinanda kanisani na kufundisha muziki. Usiku alisugua vioo vya darubini kwa mkono wake. Mwaka 1781 aliiona sayari ya Uranus, mfalme akampa posho, na tangu hapo muziki ukawekwa kando. Kufikia mwanzoni mwa 1800 alikuwa mzee wa miaka 61 akiishi Slough, na alikuwa na kero ndogo. Kila alipolitazama Jua kwa darubini ilimbidi aweke vioo vya rangi ili macho yasiungue. Vioo vingine vilizuia mwanga vizuri lakini bado akalihisi joto. Vingine vilipitisha mwanga mwingi na joto kidogo. Mtu mwingine angechagua kioo kinachomfaa akaendelea na shughuli zake. Herschel akataka kujua joto linakaa kwenye rangi gani.

Rangi zenyewe zilikuwa habari ya zamani. Tangu Newton, miaka zaidi ya 130 nyuma, kila msomi alijua kwamba mwanga wa Jua ukipita kwenye prizimu, yaani kipande cha kioo chenye pembe tatu, hujitandaza kama upinde wa mvua kuanzia wekundu hadi urujuani. Na kila msomi aliamini kwamba hapo ndipo mwanzo na mwisho wake. Nani angeuliza kuna nini nje ya upinde? Nje ya upinde hakuna kitu, macho yanashuhudia.

Herschel aliweka prizimu dirishani, rangi zikaangukia mezani. Vipimajoto vyake vilikuwa vimepakwa weusi kwenye tumba la zebaki ili vinywe joto vizuri. Kimoja alikiweka ndani ya rangi, viwili akaviacha pembeni kivulini viwe mashahidi. Kwenye urujuani zebaki ilipanda nyuzi 2 za Farenhaiti. Kwenye kijani, 3 na robo. Kwenye wekundu, karibu 7. Joto, basi, lilikuwa linaongezeka kadiri unavyosogea upande wa nyekundu, na lilikuwa bado linapanda pale rangi ilipokatika. Kwa hiyo alitandika karatasi nyeupe aliyoichora mistari, akaziacha rangi ziishie kwenye mstari mmoja, na kipimajoto akakisogeza mbele yake, nusu inchi nje ya wekundu, mahali ambapo jicho liliona karatasi tupu. Zebaki ikapanda nyuzi 6 na nusu.

Hebu fikiria mzee yule ameinama juu ya meza, anatazama zebaki ikipanda mahali pasipo na kitu. Alikuwa amegundua sayari nzima kwa kuangalia. Hili aliligundua kwa kutoyaamini macho. Aliandika kwamba kuna miale ya Jua ambayo hupindwa na prizimu kama mwanga, ila haionekani. Sisi leo tunaiita infraredi, nayo tunaishi nayo. Ndiyo inayokuchoma usoni ukiwa umekaa kando ya jiko la makaa yaliyokwisha kufifia. Ndiyo inayotoka kwenye rimoti ya televisheni: ielekeze rimoti kwenye kamera ya simu, ubonyeze, na kwa simu nyingi utaona kwenye kioo nukta inawaka ambayo macho yako hayaioni.

Habari ilifika Jena, Ujerumani, kwa kijana aliyesomea uaptekari, Johann Wilhelm Ritter. Ritter aliamini kwamba kila kitu duniani kina mwenzake wa upande wa pili, kama sumaku na ncha zake mbili. Ikiwa nje ya wekundu kuna kitu, nje ya urujuani lazima pawe na kitu pia. Sababu yake haikuwa ya kisayansi sana, lakini jaribio lake lilikuwa safi. Mwaka 1801 alichukua karatasi iliyopakwa kloridi ya fedha, dawa ambayo hubadilika kuwa nyeusi ikipigwa na mwanga, akaiweka chini ya upinde wa prizimu. Weusi ulianza haraka zaidi nje ya urujuani, gizani. Kiswahili kimepata jina zuri kwa miale hiyo kuliko lugha nyingi: urujuanimno. Ritter mwenyewe hakufaidi. Alizoea kuujaribu umeme kwenye mwili wake, afya ikamwisha, na mwaka 1810 akafa maskini, ana miaka 33.

Sasa kulikuwa na mwanga wa aina tatu, mmoja unaoonekana na miwili isiyoonekana, na hakuna aliyejua mwanga wenyewe ni kitu gani. Thomas Young, daktari wa London, alikwisha kuonyesha katika miaka hiyohiyo kwamba mwanga hujivuka na kujizima kama mawimbi mawili ya maji yanavyokutana. Wimbi la nini, hakujua. Jibu lilikuja kwa njia ya kalamu.

James Clerk Maxwell, Mskoti, alikuwa anahangaika na umeme na sumaku. Michael Faraday alikuwa ameonyesha kwamba sumaku inayosogea huzaa umeme. Maxwell akaongeza upande wa pili: umeme unaobadilika nao huzaa usumaku. Ukiyaweka hayo mawili pamoja, kimoja kikibadilika kinamwamsha mwenzake, mwenzake naye anamwamsha yule wa kwanza, na fukuzano hilo linasafiri angani bila waya na bila kubebwa na chochote. Maxwell alitaka kujua linasafiri kwa kasi gani. Alichukua vipimo vya umeme vilivyofanywa na Weber na Kohlrausch mwaka 1856, vipimo vya chupa na waya ambavyo havikuhusu taa wala Jua, akapiga hesabu. Akapata kilomita 310,740 kwa sekunde. Huko Ufaransa, mwaka 1849, Fizeau alikuwa ameipima kasi ya mwanga kwa gurudumu lenye meno na kioo kilichowekwa mbali, akapata karibu kilomita 315,000. Namba mbili kutoka njia mbili ambazo hazikuwahi kukutana, na zimekaribiana kiasi hicho. Alipoisoma hoja yake mbele ya Royal Society, London, Desemba 1864, Maxwell alisema wazi kwamba mwanga ni wimbi la umeme na sumaku. Vitabu vyetu vya shule vinaliita wimbi la sumakuumeme.

Kwa maoni yangu hapo ndipo kiini cha habari yote, na si kwa sababu ya kasi. Ni kwa sababu hesabu ya Maxwell haikuweka mpaka. Haikusema wimbi liwe refu kiasi gani. Mwanga tunaouona una mawimbi mafupi mno: katika milimita moja unaweza kupanga mawimbi 2,500 ya urujuani, au kama 1,400 ya wekundu. Lakini kwa mujibu wa hesabu wimbi linaweza kuwa na urefu wa kidole, wa nyumba, wa mlima, au likawa fupi kuliko chembe. Yote ni jamaa moja, yote yana kasi moja, tofauti ni urefu tu. Waliokulia na redio za masafa mafupi walikuwa na ujuzi huo vidoleni bila kuambiwa. Mtangazaji aliposema mita bendi 31 alikuwa anakuambia urefu wa wimbi: kutoka mgongo mmoja hadi mgongo unaofuata ni mita 31. Huo ni mwanga. Ni mwanga mrefu mno kwa jicho.

Herschel, mtu wa kinanda, angependa kuelezwa hivi. Ukienda kutoka noti moja mpaka nyingine yenye mtetemo maradufu, umepita oktava moja. Jicho la binadamu, kutoka wekundu hadi urujuani, halifikishi hata oktava moja kamili. Kutoka mita bendi 31 mpaka miale ambayo setilaiti ya Ngomeni ilikwenda kuitafuta kuna oktava kama 35. Ni vinanda vitano vikubwa vimepangwa bega kwa bega, na sisi tumezaliwa tunasikia noti chache za kimoja.

Maxwell alifariki mwaka 1879 kabla mtu yeyote hajatengeneza wimbi lake hata moja. Kazi hiyo ilimwangukia Heinrich Hertz, mwalimu wa chuo cha Karlsruhe. Mwaka 1887 na 1888 alirusha cheche za umeme kati ya tufe mbili za chuma, na mbali kidogo akaweka pete ya waya wa shaba iliyokatwa pengo dogo. Pete haikuunganishwa na kitu. Cheche kubwa ikiruka kule, Hertz aliinama kwenye giza kuangalia kama ndani ya pengo la pete kunaruka cheche ndogo. Ilikuwa ikiruka, ndogo kiasi kwamba ilimbidi akae gizani mpaka macho yazoee. Akatundika bati la zinki la mita 4 kwa 2 ukutani, mawimbi yakagonga na kurudi, naye akawa anatembea ndani ya ukumbi na pete mkononi akitafuta mahali cheche zinapokufa na mahali zinapofufuka. Umbali kati ya sehemu zilizokufa ulimpa urefu wa wimbi. Kisha akafanya kile ambacho kinanifurahisha kuliko vyote: akatengeneza prizimu ya lami, yenye kimo cha mita moja na nusu na uzito wa kilo 600 hivi, akayapitisha mawimbi ndani yake. Yalipinda. Newton alipindisha mwanga kwa kioo cha kushika mkononi. Hertz aliupindisha kwa lami ya kujaza mapipa kadhaa. Aliaga dunia siku ya mwaka mpya wa 1894, hata miaka 37 hajaitimiza. Redio na simu zilizofuata zina wasimulizi wake wengi, nami nazipita.

Wakati huohuo upande wa pili wa kinanda ulikuwa bado kimya. Jioni ya 8 Novemba 1895, huko Würzburg, Wilhelm Röntgen alikuwa anapitisha umeme ndani ya bomba la kioo lililotolewa hewa. Alikuwa amelifunika kabisa kwa karatasi nyeusi ngumu na kuzima taa ili ahakikishe hakuna mwanga unaovuja. Ndani ya giza lile akaona ubao mdogo uliopakwa chumvi ya bari na platini, uliokuwa mbali na bomba, unang'aa. Alizima umeme, ubao ukazimika. Akawasha, ukawaka. Aliweka vitu katikati: karatasi, kitabu, mbao. Uling'aa vilevile. Risasi ndiyo iliyozuia. Alipoweka mkono wake aliiona mifupa.

Kwa wiki kadhaa alikula na kulala maabara, mpaka tarehe 22 Desemba alipomwita mkewe, Anna Bertha, akamwekea mkono juu ya sahani ya picha. Picha ile iko mpaka leo: vidole vya mifupa, na pete ya ndoa imening'inia kwenye kimoja kama haishiki kitu. Röntgen hakujua miale hiyo ni nini, akaipa herufi ambayo wanahesabu hukipa wasichokijua: X. Ndiyo eksirei yetu ya hospitalini, ambayo wengi tunaitamka bila kukumbuka kwamba tunasema "miale isiyojulikana". Alikataa kuitolea hataza, akapokea Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia mwaka 1901, na fedha zake akaziachia chuo kikuu. Fumbo la X lilifumbuliwa Munich mwaka 1912, Max von Laue na wenzake walipoipitisha katika fuwele na kuona inajivuka kama mawimbi. Nayo ni mwanga, mfupi mara maelfu kuliko ule wa jicho. Mfupi kuliko hata huo ni ule wa miale ya gama, ambayo Paul Villard aliikuta ikitoka kwenye elementi ya radiamu, Paris, mwaka 1900.

Kinanda kilikuwa kimekamilika, lakini kilipigwa hapa chini tu. Je, nyota nazo hutoa eksirei? Kwa muda mrefu swali hilo halikuwa na maana, kwa sababu ya hewa. Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu, toka ardhini hadi inapokwisha, ina uzito sawa na maji yenye kina cha mita 10. Mtu aliyezama mita 10 hawezi kupigwa picha ya eksirei na mtu aliyeko mashuani. Angahewa imetuachia madirisha mawili mapana, la mwanga wa jicho na la redio. Mengine imeyafunga kabisa au nusu. Tunashukuru, maana madirisha hayo yangefunguliwa tusingekuwepo. Ila anayetaka kuona lazima atoke nje ya nyumba.

Njia ya kutoka ilipatikana kutoka kwenye silaha. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani walichukua roketi za V-2 za Wajerumani, wakawa wanazirusha White Sands, New Mexico. Mwaka 1949 mwanafizikia Herbert Friedman aliweka vihisi kwenye mojawapo na kuthibitisha kwamba Jua hutoa eksirei. Lakini chache sana, na hapo ndipo wengi walipokata tamaa. Piga hesabu: Jua likisogezwa mpaka umbali wa nyota za kawaida, eksirei yake isingehisika kwa chombo chochote cha wakati ule. Kwa hesabu hiyo angani hakukuwa na la kutafuta.

Riccardo Giacconi, Mwitaliano mzaliwa wa Genoa aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ndogo huko Cambridge, Massachusetts, alitafuta hata hivyo. Mwalimu Bruno Rossi, Mwitaliano mwenzake, ndiye aliyemsukuma. Ili wapate fedha za jeshi la anga walisema wanakwenda kuangalia kama Mwezi unaakisi eksirei ya Jua, na lilikuwa jambo la kweli. Usiku wa manane wa 18 Juni 1962 roketi yao ikaruka, ikakaa juu ya kilomita 80 kwa chini ya dakika sita, ikaanguka. Mwezi haukuonyesha kitu. Lakini upande mwingine, katika kundi la Nge, ambalo mabaharia wetu wa zamani waliliita Akarabu, vihisi vilifurika. Hapo palikuwa na kitu kinachotoa eksirei kwa wingi ambao hesabu za Jua zilikuwa zimeukataa. Wakakiita Scorpius X-1. Herufi ya Röntgen ilikuwa imepanda mbinguni.

Miaka minane iliyofuata ilikuwa ya roketi za dakika tano tano. Ni kama kuijua Mombasa kwa kupita na treni usiku na kufungua pazia mara moja. Giacconi alitaka setilaiti itakayokaa juu mchana na usiku. Na setilaiti hiyo ilitaka ikweta.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya bei. Ardhi yenyewe inazunguka, na kwenye ikweta inakwenda kama kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Roketi ikirushwa hapo kuelekea mashariki inapewa mwendo huo bure, na roketi ya Scout, ndogo, ya hatua nne na mafuta makavu, ilihitaji kila msukumo. Ya pili ni ya uchafu. Juu ya Atlantiki ya Kusini mkanda wa chembe za umeme unaoizunguka dunia hushuka chini, na setilaiti inayopita pale vihisi vyake hujaa kelele. Ikizunguka juu ya ikweta tu inaukwepa. Kutoka Marekani, njia hiyo isingefikika kwa roketi ndogo. Kutoka Ngomeni, nyuzi 3 kusini ya ikweta na bahari tupu mbele, ilikuwa mlangoni.

Nao Waitaliano walikwisha kufika. Luigi Broglio, mhandisi na jenerali wa jeshi la anga, alipotaka Italia irushe setilaiti zake aliona jambo ambalo mataifa makubwa hayakuliona: hakuna haja ya kuwa na nchi kwenye ikweta, unaweza kuwa na meza baharini. Santa Rita ilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta. Wakalileta Ghuba ya Ungwana na kulifanya chumba cha kuongozea, na San Marco likawa la kurushia. Urushaji wa kwanza wa setilaiti kutoka hapo ulifanyika 26 Aprili 1967. Miaka mitatu baadaye Wamarekani wakaja na mzigo wao, na kwa mara ya kwanza setilaiti ya Marekani ikarushwa na mafundi wa nchi nyingine.

Mkuu wa mradi upande wa NASA alikuwa Marjorie Townsend, mhandisi wa umeme, mwanamke katika kazi ambayo wakati ule wanawake wake ulikuwa ukiwahesabu kwa vidole. Jina la Uhuru ni lake: siku iliangukia sikukuu ya wenyeji, naye akataka kuwaenzi. Roketi ilipokwisha kupotea juu ya bahari, yeye na Giacconi hawakuweza kungoja utaratibu. Walichukua boti ya mpira kutoka jukwaani hadi kambi ya nchi kavu, wakaingia kwenye gari la mitambo, na setilaiti ilipokuja kupita juu kwa mara ya kwanza wakawasha vihisi kwa muda mfupi tu, kuona kama vimesalimika. Vilikuwa vizima. Wakavizima tena, kama watu wazima wanavyotakiwa kufanya.

Chombo chenyewe hakikuwa cha kutisha. Kilikuwa na masanduku mawili bapa ya gesi, kila upande moja, yenye uso mkubwa kidogo kuliko karatasi ya A4. Eksirei ikipenya kwenye kidirisha chembamba cha berili inagonga gesi, gesi inatoa chaji, chaji inahesabiwa. Mbele ya kila sanduku palikuwa na vijimrija vilivyopangwa kama sega la nyuki ili lisione pande zote kwa pamoja. Moja liliona mfereji wa anga mwembamba kama upana wa Mwezi mpevu. Setilaiti ilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 12, ikifagia mbingu.

Ilichokikuta ni vurugu. Chanzo kimoja, Centaurus X-3, kilipiga kama moyo kila baada ya sekunde 4.84, kisha kila siku mbili na ushei kikazimika na kuwaka tena. Maana yake kilikuwa kinapita nyuma ya kitu kingine. Zilikuwa nyota mbili zinazozungukana: moja kubwa ya kawaida, na ya pili nyota ya nyutroni, iliyojikunyata ikawa na upana wa mji, ikimnyonya mwenzake. Gesi inayoporomoka kwenye kitu kizito namna hiyo hupashwa mpaka nyuzi mamilioni, na gesi ya joto hilo haiwaki kwa mwanga wa jicho. Inawaka kwa eksirei. Ndiyo sababu hesabu za Jua hazikufua dafu. Uhuru iliona pia kwamba katikati ya makundi ya galaksi, mahali ambapo picha zote zilionyesha giza, kumejaa gesi ya moto. Pale pa Herschel tena: karatasi tupu, zebaki inapanda.

Na kulikuwa na Cygnus X-1. Hii haikupiga kama moyo. Ilitapatapa bila mpango, ikipanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na kitu hakiwezi kubadilika chote haraka kuliko mwanga unavyoweza kukivuka. Kwa hiyo kilikuwa kidogo. Mwaka 1972 Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto, wakaonyesha kwamba nyota ya buluu iliyo mahali hapo inazungushwa kila baada ya siku 5.6 na mwenza asiyeonekana, mzito kupita nyota yoyote ya nyutroni. Lilikuwa shimo jeusi la kwanza ambalo wanafalaki wengi walikubali kuliita hivyo. Mwanafizikia Stephen Hawking aliweka dau na mwenzake Kip Thorne mwaka 1974 kwamba silo, ili angalau apate cha kujifariji kazi yake ya mashimo meusi ikianguka. Mwaka 1990 akakubali kwamba ameshindwa.

Mwaka 1972 setilaiti ya miale ya gama iliruka kutoka jukwaa lilelile. Uhuru iliacha kuleta habari Machi 1973, ikarudi kuungua angani mwaka 1979. Orodha yake ya nne, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339. Giacconi alipata Nobel mwaka 2002. San Marco ilirusha setilaiti yake ya mwisho, ya tisa, Machi 1988, na tangu hapo kutu ndiyo mpangaji. Wenyeji wengine wa pwani watakuambia mengi kuhusu kilichobaki mikononi mwa kijiji baada ya miaka yote hiyo, na si yote ni ya kusifia.

Lakini kituo cha nchi kavu hakikufungwa. Masufuria yake makubwa meupe bado yanatazama juu, na setilaiti za eksirei zinazozunguka juu ya ikweta humwaga habari zao hapo kwa mawimbi ya redio ya urefu wa sentimita kadhaa. Mojawapo, IXPE, ya Wamarekani na Waitaliano, ilirushwa Desemba 2021. Mei 2022 iligeuzwa kuelekea Cygnus X-1 na kuitazama kwa siku kadhaa. Ile eksirei ambayo Röntgen hakujua iitweje ilihesabiwa kule juu, ikageuzwa kuwa mawimbi kama yale ya pete ya Hertz, ikashuka Malindi. Katika orodha ya zamani nyota hiyo inaitwa 4U 1956+35.